Chungu Kilichorudi Ziwani

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjanisalimia bado, lakini mtanisalimia, kwa hiyo naitikia kabisa tusije tukapoteza muda.

Mimi naitwa Skolastika. Sokoni waliniita Mama Vyungu. Shule niliishia darasa la pili, mama alipojifungua mapacha, Benadeta na Benedikto, ikabidi nibaki nyumbani nimbebe mmoja. Kuandika naandika, ila polepole, kama mtu anayechambua mchele. Pale nilipopinda, mjukuu wangu Tumaini ananyoosha. Nimemwambia asinyooshe sana.

Mnaniuliza kila mara: Bibi, uliwezaje kusafiri peke yako kwa treni na meli miaka yote ile? Kazi yangu ilikuwa hiyo. Kule Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, upande ambao gari halifiki, wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu. Mimi nilikuwa naondoka Mgololo kwa treni mpaka Mbeya, Mbeya napata gari mpaka Kyela, pale Itungi naingia kwenye meli, nashuka ufukweni kwao. Nikishajaza matenga narudi njia ileile mpaka huku kwenye baridi, ambako watu walikuwa wanapikia maharage kwenye vyungu hivyo na kutunzia maji.

Leo nataka kuwaambia safari moja, ya mwisho. Sikwenda kuchukua chungu. Nilikwenda kurudisha. Rafiki yangu Ambindwile alikuwa amefariki Igowole, tumeshamzika, na dada yake Tusajigwe alikuwa kule ziwani hana habari. Niliachiwa mimi nimfikie kabla simu haijamfikia.

Ila kaeni kwanza, maana bila kuijua kazi yenyewe hamtaelewa kwa nini nililia kwa ajili ya chungu kusuguliwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Anjelina wa Makambako, mwanamke mfupi, mkali, anayetembea kama anaidai ardhi. Siku ya kwanza alinipa tenga na rundo la majani makavu ya migomba akasema, "Panga." Nikapanga. Akalibeba lile tenga, akalitikisa mbele yangu kama mtu anayepepeta, nikasikia vinalia ndani. "Umesikia?" akasema. "Hivyo ni vigae tayari, ila havijapata habari." Kisha akanionyesha. Chungu kinalazwa mdomo chini. Kidogo kinaingia ndani ya kikubwa, katikati majani, na majani hayo yawe yamekauka lakini hayajawa ya kuvunjika. Kamba haifungwi shingoni mwa chungu hata siku moja, maana shingo ndiyo inayoondoka kwanza. Ukimaliza, unatikisa. Kikilia, unafumua yote unaanza upya, hata kama treni imeshapiga honi.

Kwenye treni mzigo unakaa chini ya kiti, hauwekwi juu. Wengi wanaweka juu kwa sababu wanaona panapendeza. Kule kwenye mahandaki na kona za kupanda Makambako niliona masanduku yanawaangukia watu vichwani, na mwenye sanduku ndiye anakuwa wa kwanza kugomba.

Kwenye meli nilijifunza kwa kuumia. Safari yangu ya kwanza ya maji niliona mahali pazuri, pamekingwa upepo, karibu na injini. Nikapanga matenga yangu pale nikalala. Kumbe ule mtetemo wa injini unavikoroga vyungu kama uji. Asubuhi baharia mmoja anaitwa Gwakisa akainua tenga langu, akasikiliza, akawaita wenzake. "Jamani, njooni. Mama huyu anasafirisha kokoto!" Walicheka mpaka nikacheka na mimi, halafu nikaenda nyuma ya meli nikalia. Gwakisa huyohuyo alinifuata akanionyesha pa kuweka: juu ya magunia ya mchele, katikati ya meli. Tangu siku ile nilikuwa nikipanda namwuliza kwanza, "Gwakisa, mchele uko wapi?" na yeye ananijibu, "Unakusubiri, Mama Kokoto."

Mnaona nayakumbuka majina. Mtu ambaye hasomi sana anaweka mambo kichwani. Stesheni ya Mbeya mchukuzi wangu alikuwa Yohana mwenye mguu mfupi. Kyela gari nilipanda la Mwaisa. Wafinyanzi nilikuwa nawajua kwa majina na kwa vidole vyao, maana kila mmoja anachora shingo ya chungu kwa mkono wake. Nipe chungu gizani nikipapase, nakwambia hiki cha Subilaga, hiki cha Atuganile, hiki cha Tusajigwe. Cha Tusajigwe kilikuwa na mistari mitatu na kidole gumba kimoja kimebonyezwa kando, kama mtu aliyetaka kusema neno akaacha.

Ambindwile alikuwa mdogo wake. Mama yao alifariki Ambindwile akiwa bado ananyonya, na Tusajigwe, aliyekuwa msichana tu, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akakua. Halafu akaja mwanamume wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo, akamwoa Ambindwile, akampandisha huku juu. Siku ya kuondoka dada mtu alimfinyangia chungu cha kupikia, kikubwa, kizito, cha familia. Mimi ndiye niliyekifunga kwenye majani. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Mumewe alipoacha kazi wakahamia Igowole, na yeye akaanza kuuza vyungu vyangu sokoni. Jamani, Ambindwile alikuwa anajua kuuza! Alikuwa mnene, ana sauti. Akitaka watu waamini chungu ni imara anakipindua, anakikalia. Siku moja, soko limejaa, akakalia chungu, kikapasuka. Soko zima likaangua kicheko. Yeye palepale chini, miguu juu, akasema, "Hicho kilikuwa cha kuwaonyesha kinachopasuka kinafananaje. Sasa njooni mchukue ambavyo havipasuki." Na wakanunua! Nilimwinua huku natetemeka kwa kucheka.

Sasa kuna desturi yetu sisi watu wa vyungu, mimi niliikuta. Chungu kinapanda bara kikiwa kipya na hakirudi. Kikivunjika kinavunjikia huko, kikizeeka kinazeekea huko. Lakini mwanamke wa ziwani aliyeolewa mbali akifa, kile chungu alichofinyangiwa na ndugu zake kinarudishwa. Kinarudi na masizi yake. Hakioshwi, hakifungwi nguo. Anayekipeleka anakipakata wazi, mdomo juu, anafuata njia ileile kiliyopitia. Akishuka ufukweni hasemi kitu. Watu wakiona chungu cheusi kinashuka kutoka kwenye meli wanajua, wanaanza kulia. Kinatumbukizwa ziwani, basi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapeleka vitatu. Cha Tumpale wa Makambako, cha Lusekelo wa Mafinga, cha Bupe aliyefia Ipogolo, hapa ninapokaa sasa. Mara zote tatu sikufungua mdomo. Niliona ni heri, maana ningesema nini?

Kazi yenyewe niliacha magoti yalipokataa. Na hata yasingekataa, sufuria zilishaingia, ndoo za plastiki zikaja, gesi ikaja. Siku hizi chungu ukikiona mjini kimepandwa ua. Sisemi vibaya, ua nalo ni zuri.

Ambindwile aliugua kifua. Nilikwenda Igowole nikakaa naye. Siku moja nilikuwa namnywesha uji, akanishika mkono.

"Skola. Chungu changu kikirudi, peleka wewe. Usimpe Festo. Festo atampa kondakta."

Festo ni mwanawe wa kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mama, nakusikia."

"Ndiyo nataka usikie," akajibu. Kisha akanigeukia tena. "Tusa asiambiwe na simu. Yule amenibeba. Simu itamwambia yuko kwenye matope, mikono imejaa udongo, hata pa kujishika hana."

Nikamwahidi. Alifariki baada ya hapo, mvua inanyesha, amelala ubavu anaangalia ukuta.

Tulipomaliza kuzika Festo alinijia na simu mkononi. "Mama mdogo, sikatai alichosema mama. Lakini angalia." Akanionyesha. Picha ya jeneza ilikuwa imeshazunguka kwa ndugu, watu wanaandika pole. "Kuna binamu yetu Kyela yumo humu. Akikutana na mtu wa meli akasema, kesho mama mkubwa anajua."

"Mwambie binamu yako akae kimya."

"Nimemwambia. Nimewaambia wote. Ila watu, mama mdogo... vidole vyao."

"Basi ngoja niwahi," nikasema.

Akataka nipande basi hadi Mbeya, ni haraka zaidi. Nilimkatalia. Chungu kinafuata njia kiliyopitia, na kilipita kwenye reli. Nikaenda jikoni kwa Ambindwile nikakitoa mafigani. Kilikuwa kizito kuliko nilivyokumbuka. Chini na ubavuni masizi yalikuwa yameganda, tabaka juu ya tabaka, ya kuni za mikaratusi, yanang'aa kama ngozi. Ndani yake walipikiwa Festo, Lugano, Editha na Meshaki mpaka wakawa watu wazima. Mistari mitatu ya shingoni ilikuwa imejaa moshi, huioni, ila kidole ukipitisha unaisikia.

Festo alinipeleka kwa gari la kukodi kupitia mashamba ya chai mpaka Mgololo. Treni ilichelewa kidogo, mvua ilikuwa imeshusha udongo kwenye reli kule mbele. Nikakaa kwenye benchi, chungu mapajani. Ilipofika nikaingia daraja la tatu, nikakaa dirishani. Mwanamke aliyekaa mbele yangu, Monika wa Rujewa, alikuwa na kuku kwenye kikapu. Alikiangalia chungu akaniangalia. "Mama, hicho si kitakuchafua?" Nikamwambia, "Niache kinichafue." Hakuuliza tena. Baadaye alinipa nusu ya muhindi wake wa kuchoma.

Mbeya nilimkuta Yohana, mzee sasa, hachukui mizigo tena, amekaa tu pale nje ya stesheni kwa sababu ndiko alikozoea. Aliniona natoka, akaona nilichobeba. Akavua kofia.

"Ni nani?"

"Ambindwile."

"Yule aliyekalia chungu?"

"Huyohuyo."

Akainamisha kichwa, akanisindikiza kwa mguu wake ule mpaka kwenye bajaji. Hapo nikajua desturi bado inasomeka. Nikapata nguvu.

Nililala kwa marehemu Bi Zubeda. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, babu zake walitoka pwani, na nyumba yake ilikuwa ndiyo nyumbani kwangu Mbeya miaka yote. Yeye alikuwa anajua mambo ya vyungu vinavyorudi. Akiniona nimekuja nacho alikuwa anakipisha mlangoni, anasema "Innalillahi", ananiwekea chai, basi. Sasa yupo mjukuu wake Rukia, binti mpole, ana heshima. Alinipokea vizuri sana. Nikamwambia nina msiba, naenda ziwani. Akasema pole, Bibi, akanipa kitanda cha nyanya yake. Chungu nikakiweka pembeni mwa mlango, mahali pake pa siku zote. Nilidhani nyumba ile inajua.

Asubuhi nimetoka kuoga, nimejifunga khanga, nasikia Rukia anaimba uani. Nikatoka. Chungu kilikuwa juu ya mkeka, kwenye jua, kinachuruzika maji. Chekundu. Chekundu kama siku nilipokifunga kwenye majani.

"Bibi!" akasema Rukia, mikono yake myeusi mpaka kwenye viwiko, stilwaya imeisha yote. "Nimekisugua tangu alfajiri. Nilisema Bibi asiende msibani kwa watu na chungu kichafu. Angalia, kina michoro shingoni!"

Nilikaa chini pale pale penye maji.

"Bibi? Kimepasuka? Sikukigonga, wallahi."

 Nilikuwa natazama yale maji meusi yanaingia kwenye mfereji. Nikamwona Ambindwile mzima anaondoka mle. Ilibidi nimweleze, na kadiri nilivyomweleza ndivyo uso wake ulivyobadilika, mpaka akakaa na yeye kwenye maji, tukawa wawili.

"Mimi nimefanya nini, Bibi."

"Umeosha chungu, mwanangu. Mtu akiona chungu kichafu anakiosha."

"Tukirudishie! Bibi, ngoja, kuni zipo. Tukiweke motoni mpaka mchana, kitapata masizi. Hatajua."

Nitawaambia kweli, nilifikiria. Nilizitazama zile kuni. Lakini meli ya Itungi haikuwa inanisubiri mimi, na yule binamu wa Kyela alikuwa na simu yake. Tena nikajiambia, haya yatakuwa masizi ya nyumba hii, ya chakula ambacho Ambindwile hakukipika. Nikakataa.

"Basi niende na wewe nimwombe radhi mwenyewe."

"Hapana. Baki. Anika mkeka wako."

Nikaondoka na chungu kisafi.

Mwaisa wa gari alishafariki. Nilipanda gari la watu nisiowajua mpaka Kyela, na kila simu ilipolia mle ndani nilishtuka. Itungi nikawahi meli. Gwakisa hayupo, amestaafu, lakini nikaenda kukaa katikati, palipo na magunia ya mchele. Pale walikuwepo wanawake wachuuzi wa rika la mama zenu, wachangamfu. Walipoona nimepakata chungu cha Kikisi, na meli inaelekea kwa Wakisi, wakaanza.

"Bibi, mbona umepotea njia? Vyungu vinatoka kule, haviendi!"

"Kimevuja, huyo anakwenda kudai kibadilishwe."

"Bibi mkorofi! Mpaka leo anakumbuka aliyemuuzia!"

Wakacheka. Nikatabasamu, maana hawakuwa na ubaya. Ila moyoni nilikuwa nimeelewa jambo ambalo Yohana hakunitayarishia. Chungu kilikuwa hakisemi tena. Nikishuka ufukweni hakuna atakayelia. Watanikaribisha. Itanibidi niseme kwa mdomo wangu, na mdomo wangu haujawahi kuifanya kazi ile.

Nikaanza kujipangia maneno. Nikasema, nitaanza na salamu. Nikasema, nitasema ameugua kwanza, halafu polepole. Meli ilipita Matema, milima ikaja karibu, ikasimama juu yetu kama ukuta. Kila sentensi niliyoipanga niliitikisa, ikalia. Nikafumua. Ninawaambia nyie mnaosafiri: vyungu nilijua kuvifunga, maneno sikujua.

Kijijini kwake meli haifiki ufukweni. Inatia nanga, boti zinakuja. Kijana mmoja wa Subilaga, anaitwa Ipyana, akanishusha kama mtoto, mimi na chungu changu. Wanawake walikuwa wamejaa ufukweni kupokea mizigo. Nikamwona Tusajigwe kabla hajaniona. Amezeeka, amekuwa mdogo, lakini amesimama wima, mikono ina udongo mpaka vidoleni. Nikaujua uso ule. Habari haijafika.

"Skolastika!" akapiga kelele. "Jamani, si Skolastika huyu? Mlisema magoti yamekufa!"

Boti ikagusa mchanga. Akakiona chungu. Akakitazama shingoni, akapiga kigelegele.

"Changu! Chungu changu hiki, nilimfinyangia mdogo wangu! Angalieni kilivyo chekundu!" Akakichukua mikononi mwangu, akakigeuza chini juu. Kicheko chake kikapungua kidogo. "Hakina hata moshi. Skola, hakukipikia? Miaka yote hii? Mjeuri yule, amekwenda kuwa mama wa sufuria! Amekiweka kabatini na sahani za wageni!" Akawageukia wenzake, anacheka, lakini niliona ameumia. "Sasa amekirudisha. Anasemaje, amekichoka? Anataka kingine?"

Wajukuu zangu, yale yote niliyopanga kwenye meli yalitoka kichwani. Ningeweza kuanza na salamu, ningeweza kuanza na ugonjwa. Lakini sikuvumilia marehemu asemwe hakukipikia chungu cha dada yake.

"Dada," nikasema, "kilikuwa na masizi."

Akaendelea kutabasamu.

"Kilikuwa na masizi mengi. Chini kote na ubavuni kote. Kimeoshwa Mbeya, kwa bahati mbaya."

 Wanawake wakanyamaza mmojammoja, kuanzia waliokuwa karibu. Tusajigwe akakishusha chungu taratibu mchangani, akakikalisha vizuri, akahakikisha hakiyumbi. Halafu ndipo akalia.

Sitawaandikia kilio kile.

Tulipokuwa tumekaa kwake, ndani, wanawake wamejaa mpaka mlangoni, akaniomba jambo ambalo sikuwahi kuombwa katika zile safari tatu za mwanzo. Akasema, "Niambie." Nikamwambia, "Nikuambie nini, dada?" Akasema, "Chungu kingekuja cheusi, tungelia na wewe ungeondoka. Cha Bupe kilikuja hivyo. Mpaka leo hatujui Bupe alizikwa na nani. Huyu wangu niambie."

Nikamwambia. Kwamba alilala ubavu, anaangalia ukuta. Kwamba mvua ilikuwa inanyesha. Kwamba uji wa mwisho alisema hauna sukari, na kweli haukuwa nayo. Kwamba alisema, yule amenibeba. Hapo alifunika uso, nikangoja.

"Nani alimwosha?" akauliza.

"Editha, binti yake, na Mama Festina jirani."

Akasema, "Ndaga." Kwa lugha ya kwao hiyo ndiyo asante. Hakuniambia mimi. Aliwaambia hao.

"Nani alichimba?"

"Meshaki, na Kastori, na Daudi fundi baiskeli, na Zakayo ambaye yeye na marehemu walikuwa hawaongei kwa ajili ya mpaka wa shamba."

"Ndaga, Meshaki. Ndaga, Kastori. Ndaga, Daudi. Ndaga, Zakayo."

Hivyo tukaendelea. Nilimtajia waliopika, Veronika na Mama Shida. Nilimtajia waliochota maji na aliyeleta turubai. Nikamtajia Monika wa Rujewa na muhindi wake, na Yohana aliyevua kofia. Hakuna niliyemsahau. Yeye alimshukuru kila mmoja kwa jina lake, na wanawake mlangoni wakawa wanaitikia naye. Nje jua lilikuwa linawaka, chungu kiko palepale mchangani, hakuna aliyekigusa.

Nikafika mwisho. Yeye akajua kuna mmoja amebaki.

"Nani alikiosha?"

"Rukia," nikasema. "Mjukuu wa Bi Zubeda wa Mbeya. Alidhani ananifanyia heshima. Alisugua tangu alfajiri."

 Alitazama mikono yake, udongo umekauka unaanza kudondoka wenyewe. Wanawake wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Ndaga, Rukia," akasema.

Na mlangoni wakaitikia.